Alisikilizwa, na Bado Akafa

Mkristo aliyefiwa huambiwa jambo lilelile na watu wawili ambao kwa mengine hawapatani kabisa. Asiyeamini humwambia: uliomba, mgonjwa wako akafa, basi hapakuwa na wa kukusikia. Muumini mwenzake naye, kwa upole, humnong'oneza kwamba angeomba kwa imani zaidi, Mungu angemsikia. Wote wawili wanaamini kwamba aliyesikiwa ni yule aliyepata alichoomba. Hapo ndipo mfiwa anapoonewa, maana tumaini lake halikujengwa juu ya kipimo hicho.

Wanaopinga wana hoja nzito na si haki kuipuuza. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na daktari Herbert Benson, uliohusisha wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali 6 za Marekani. Kundi moja liliombewa na jingine halikuombewa, na wagonjwa wa makundi hayo hawakujua wako upande gani. Kundi la tatu liliombewa na likaambiwa hivyo. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza na 51 katika la pili. Wale waliojua wanaombewa walifika asilimia 59.

Anayehubiri kwamba maombi huponya kwa uhakika kama dozi ya dawa anapaswa kuzisoma takwimu hizo taratibu. Lakini tutazame pia kilichopimwa. Waombaji walipewa jina la kwanza la mgonjwa wasiyemjua na herufi ya kwanza ya jina lake la pili, pamoja na maneno waliyopangiwa kusema. Utafiti ulitaka kujua kama maombi yanabadilisha matokeo, na hilo lilikuwa swali halali. Mjane aliyejifungia chumbani saa nane za usiku hapimi matokeo. Yaliyotokea yameshatokea. Bado anasema, na anasema na mtu.

Mpinzani makini hatanyamaza hapo. Atauliza: Baba anayesikia kilio cha mwanawe, ana uwezo wa kusaidia, na hasaidii, ana tofauti gani na baba asiyekuwepo? Isitoshe, ahadi haikutungwa na wahubiri. “Ombeni, nanyi mtapewa” imeandikwa katika Mathayo 7:7, na haikuwekewa maelezo madogo chini ya ukurasa. Sijaona jibu linaloimaliza hoja hiyo, na anayedai kuwa nalo huishia kumfundisha Mungu kazi au kumlaumu mfiwa.

Hata hivyo, kuna mstari mmoja ambao mjadala huu huupita haraka mno. Waebrania 5:7 inasema kwamba Yesu, siku za mwili wake, alitoa maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi kwa yule awezaye kumtoa katika mauti, “akasikilizwa”. Alisikilizwaje? Katika Gethsemane aliomba kikombe cha mateso kimwondokee, na hakikumwondokea. Kesho yake alisulubiwa, akafa akiwa na Zaburi ya 22 mdomoni: “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Mwandishi wa Waebrania aliyajua yote hayo. Angeweza kuandika kwamba alinyimwa, au angelikwepa tu neno hilo, lakini aliliandika. Mtu anaweza kusema kwamba kusikilizwa kwake kulikuwa ufufuo, na Wakristo wengi husoma hivyo. Nakubali, lakini ufufuo haukumwepusha na hata saa moja ya msalaba. Kama Mwana mwenyewe alisikilizwa na bado akafa, basi kumwambia mama aliyempoteza mtoto kwamba kifo kile ni ushahidi wa kutosikiwa ni kwenda kinyume na imani ambayo mama huyo anaikiri.

Wengine husema haya yote ni kujiliwaza. Nikiifungua Zaburi ya 88 nashindwa kulikubali hilo. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mahali fulani: anayelia anakumbuka wema wa Mungu, anamalizia kwa sifa. Hii haigeuki. Mwombaji analia mchana na usiku, anamshitaki Mungu kwamba amemtupa shimoni na kuwafukuza rafiki zake, na neno la mwisho ni giza. Haimliwazi mtu yeyote. Watu wanaotafuta tu nafuu ya moyo wasingeitunza karne kwa karne na kuiimba mbele ya kusanyiko. Waliitunza kwa sababu huwezi kumshitaki asiyekuwepo. Mashtaka yale yanaelekezwa kwa Mungu anayeaminiwa kuwa yupo na anawajibika kwa maneno yake.

Tazama pia Hana katika 1 Samweli 1, mwanamke tasa anayemwomba Mungu mtoto. Midomo inacheza, sauti haitoki, machozi yanamtiririka, na kuhani Eli ameketi pale akimwangalia kinywa. Kwa kazi yake ndiye aliyepaswa kuyatambua maombi, naye anamwona mlevi na kumkaripia. Hana anamjibu kwamba hakunywa divai, ameimimina roho yake mbele za Bwana. Kisa hiki hukumbukwa zaidi kwa sababu Samweli alizaliwa. Mimi huniuma kwamba mtu wa kwanza kuyahukumu maombi ya mwenye huzuni alikuwa mtu wa dini, na alikosea.

Kosa la Eli bado tunalo, na kwa hili nawalaumu waumini kuliko wanaopinga. Anayepinga humwachia mfiwa angalau heshima ya kuwa alilia kwa haki. Sisi humkataza kulia. Tunamwambia asihoji, Mungu amechuma ua lake, apige moyo konde. Ayubu alipofiwa na watoto wake, rafiki zake walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, na walikuwa sahihi mpaka walipofungua vinywa na kuanza kumtetea Mungu. Mwishoni, Ayubu 42:7, Mungu anawakasirikia hao watetezi wake na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, yule yule aliyekuwa amelaani siku aliyozaliwa.

Swali la kwa nini Lazaro alirudishwa kutoka mauti na wengine hawarudishwi linabaki wazi, nami sitalifunga kwa maneno matamu. Martha na Mariamu, dada zake, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Yesu maneno yaleyale: kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Lilikuwa lalamiko la kweli, kwa sababu alikuwa amepata habari ya ugonjwa na akakaa siku 2 zaidi alikokuwa. Hakumkemea hata mmoja wao. Anayefiwa leo ana haki ya kumwambia maneno hayohayo, kwa sauti anayoiweza, bila mtu wa pembeni kumsahihisha.