Miezi Mitatu ya Kusubiri Jina

Klabu yetu ya usomaji ina kanuni moja isiyovunjwa: aliyependekeza kitabu hasemi neno mpaka wengine wote wawe wamesema. Ndiyo maana katika kikao kilichopita nilikaa kimya kwa muda wa saa nzima, huku riwaya niliyoichagua mwenyewe, Roseanna ya Maj Sjöwall na Per Wahlöö, ikichambuliwa kama mchele wenye mawe, nami sikuruhusiwa hata kuguna. Ni riwaya ya polisi wa Uswidi iliyotoka mwaka 1965, na sisi tuliisoma katika tafsiri ya Kiingereza. Shtaka dhidi yake lilikuwa lile lile, ingawa kila mtu alilisema kwa maneno yake: kitabu kinakwenda polepole mno. Zamu yangu ilipofika, muda ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wanatafuta viatu vyao, kwa hiyo naisemea hapa.

Kwa ambaye hajaisoma, kisa kinaanza mwezi Julai, wakati mashine ya kuchota tope katika mfereji wa Göta inapoinua maiti ya mwanamke kwenye malango ya maji ya Borenshult, karibu na mji wa Motala. Mwanamke huyo amekabwa koo, hana nguo, hana kitu cha kumtambulisha, na hakuna popote nchini alikoripotiwa kupotea. Polisi wa Motala wanaomba msaada Stockholm, kwenye kikosi cha taifa cha kupeleleza mauaji, na ndipo anapoletwa Martin Beck, mpelelezi anayesumbuliwa na mafua, ambaye kahawa humuumiza tumbo naye haachi kuinywa, na ambaye ndoa yake imepoa kiasi kwamba akiwa nyumbani hupendelea kujifungia na kuunda vijimeli vya mapambo. Picha ya marehemu inasambazwa. Watu wanahojiwa. Barua zinaandikwa. Kisha polisi wanasubiri, na msomaji anasubiri pamoja nao.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na aghalabu ndiye anayefungua mjadala, alisema kwamba alipofika katikati ya kitabu alimgeukia mkewe akamuuliza kama askari hawa wanalipwa mshahara au wanajitolea. Tulicheka sana, na nakiri kwamba nami nilicheka. Lakini Mwalimu alikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilitoka mbali. Yeye alilelewa na Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla mwenye kiko mdomoni, aliyeingia katika fasihi yetu na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Bwana Msa hutazama mahali tulipotazama sote, akaona tusichokiona, halafu hukaa kimya kwa makusudi mpaka wakati wake wa kutufumbulia. Raha ya riwaya za namna hiyo ni akili ya mtu mmoja, na kesi ni kitendawili kilichoandaliwa kwa ajili ya akili hiyo. Mtu aliyezoea utamu huo akipewa Martin Beck lazima ahisi amepunjwa, kwa sababu Beck si mtu wa kufumbua. Ni mtumishi wa serikali anayerudi kwenye jalada lile lile siku baada ya siku, na sifa yake kubwa ni kwamba hachoki kabla ya jalada.

Ninachopinga ni dhana kwamba polepole hiyo ni udhaifu wa waandishi. Hawa walikuwa wanahabari wawili, mtu na mwenzi wake, waliokuwa wakiandika usiku watoto wao wakiwa wamelala, mmoja sura hii na mwingine sura inayofuata, na walikuwa na mpango wa vitabu kumi, kila kimoja na sura thelathini, mpango walioutimiza kati ya mwaka 1965 na 1975. Watu wanaohesabu sura zao kiasi hicho hawapotezi kurasa kwa bahati mbaya. Hata ufunguzi wa Roseanna, ambao wengi wetu waliuona unachosha, unaeleza jinsi suala la kuondoa tope mferejini linavyopita kutoka ofisi moja hadi nyingine kabla ya mashine kutumwa, na humo ndimo kitabu kinapotuonyesha kilivyo: laiti karatasi zile zingechelewa kidogo zaidi mezani kwa mtu, maiti ingeendelea kulala chini ya maji na kusingekuwa na kesi yoyote.

Inachukua miezi mitatu polisi kulijua jina lake. Jina hilo linatoka ng'ambo ya bahari, kwa ofisa wa polisi wa mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska nchini Marekani, ambaye jina lake ni Kafka (jina la Franz Kafka, mwandishi wa riwaya za watu wanaopotelea katika ofisi na mahakama, mzaha ambao waandishi wanauacha upite bila kuutolea maelezo). Marehemu ni Roseanna McGraw, mfanyakazi wa maktaba, aliyekuwa akisafiri peke yake kwa meli ya abiria iitwayo Diana. Hapo ndipo kazi inapozidi kuwa ngumu, kwa sababu kwenye meli hiyo kulikuwa na watu 85, na wengi wao ni watalii waliokwisha kurudi makwao katika nchi mbalimbali. Beck hana kompyuta wala namna ya kuwaita wote. Anachoweza ni kuandika barua na kuwaomba kila picha waliyopiga safarini, kisha akae asubiri posta.

Napenda msomaji atulie kidogo kwenye sehemu hii, kwa sababu kwangu ndiyo moyo wa riwaya. Askari wamekaa gizani wakitazama filamu ya mtalii, filamu ya kawaida kabisa ya mtu aliyetaka kuonyesha nyumbani alikokwenda likizo: maji, miti, ngazi ya meli, watu wakikunja uso kwa sababu ya jua. Ghafla miongoni mwa watu hao anapita yule ambaye wao wamemjua kama maiti tu, na anatembea. Hajui kwamba anatazamwa. Tangu mwanzo wa kitabu tumesoma kuhusu mwili wake, majeraha yake, saa ambazo huenda aliuawa, na sasa kwa sekunde chache anakuwa mwanamke aliye likizoni. Kama tungefika hapa katika sura ya tatu, tusingeshtuka hata kidogo. Tunashtuka kwa sababu tumesubiri.

Aliyeniunga mkono bila kukusudia alikuwa mwenzetu ambaye ni muuguzi. Alisimulia kwamba katika hospitali aliyofanyia kazi zamani aliwahi kupokelewa mtu asiyejulikana aliyefariki kabla ya kuzungumza, na kwa majuma kadhaa kibandiko kilichofungwa kwenye kidole chake cha mguu kiliandikwa namba na tarehe tu. Siku ndugu walipopatikana, alisema, kilichobadilika kwanza kilikuwa midomo ya wahudumu: walianza kumtaja kwa jina hata walipokuwa wakizungumza wao kwa wao, na mmoja aliyekuwa na mazoea ya kufanya utani mochwari akaacha. Baada ya simulizi hiyo hakuna aliyerudia kusema kwamba miezi mitatu ni mingi.

Hata hivyo muuguzi huyo huyo ndiye aliyekipiga kitabu pigo ambalo mpaka leo sijapata namna ya kulikinga. Sjöwall alisimulia kwamba wazo la riwaya lilizaliwa safarini, ndani ya meli kwenye mfereji ule ule, alipomwona Wahlöö akimwangalia mwanamke mmoja wa Kimarekani aliyekuwa amesimama peke yake, naye akapendekeza waanze kitabu kwa kumuua mwanamke huyo. Wengi wetu tuliiona ni hadithi ya kuchekesha. Muuguzi hakucheka. Alisema Roseanna aliumbwa ili auawe, na kwamba hata jina na maisha anayorudishiwa baadaye anarudishiwa kwa sharti. Alitupeleka kwenye mahojiano ambayo Kafka anayafanya Lincoln na watu waliomfahamu marehemu, yaliyochapishwa kama yalivyo, swali kwa jibu, na akatuomba tusome maswali peke yake. Tulifanya hivyo. Maswali yanaulizia wanaume zake mara nyingi kuliko yanavyoulizia jambo jingine lolote, kana kwamba mwanamke aliyechagua kuishi bila mume na bila kujificha amekwisha kutoa nusu ya maelezo ya kifo chake.

Mwalimu alijaribu kujibu kwamba polisi hana budi kuuliza hayo, maana muuaji huenda ni mmoja wao. "Sawa, Mwalimu," akajibiwa, "lakini hebu nionyeshe ni wapi wanaume wa kwenye meli wameulizwa hivyo." Akapekua kurasa, kisha akakifunga kitabu akiwa ameweka kidole ndani.

Baada ya kuyasoma tena mahojiano hayo nyumbani, nakubali nusu. Maswali ni kama alivyoyasema. Lakini majibu yana kitu kingine: mtu anaanza kuonekana, mwenye mapenzi yake na ukaidi wake, aliyekuwa na utulivu uliowatatiza waliokaa naye, na hakuna jibu linalomfanya astahili yaliyompata. Naona waandishi waliliona tatizo hilo kuliko askari wao walivyoliona. Ambapo siwezi kuwatetea ni kuelekea mwisho, polisi wanapomtumia askari wa kike kama chambo cha kumnasa mtuhumiwa. Kitabu kilichotufundisha subira kwa kurasa nyingi namna hiyo kinamweka mwanamke wa pili mahali pa yule wa kwanza, na wasiwasi wa Beck kuhusu jambo hilo ni mdogo kuliko unavyopaswa kuwa. Sura zile zinasomwa kwa kasi kuliko zote, na wale waliolalamikia polepole ndio waliozisifu.

Kura zilipopigwa, Roseanna ilipata alama za wastani, chini ya vitabu vingi tulivyosoma pamoja. Mwalimu aliipa alama ya chini kabisa, kisha akaniuliza mlangoni kama ninacho kile cha pili, kinachompeleka Beck mpaka Budapest, kwa sababu alitaka kujua kama mafua yamempona.