Spoku Kumi na Nukta Nne

Mbu wa jana usiku sina ugomvi naye kwa kuniuma. Kuuma ni riziki yake. Ugomvi wetu ni kunisemesha. Umekuja kunywa damu, kunywa uondoke. Sikioni kwangu unatafuta nini saa nane za usiku, umeme hakuna, feni imenyamaza, na Mama Asha kando yangu ananiambia nisijigeuzegeuze namletea joto? Nikiwasha tochi ya simu, hayupo. Nikizima, huyo. Nimejizaba makofi mpaka adhana ya alfajiri, shavu la kushoto limeamka limevimba kama la mtu anayedaiwa.

Mlango wake naujua. Ni tundu la chandarua, upande wa miguuni. Lilikuwa la kupita kidole, Asha akapitisha kisigino, sasa hivi paka akitaka anaingia bila kuinama. Tumelibana kwa pini, pini nayo imeshika kutu, inachoma wenye nyumba na kuwaacha wageni wapite. Asubuhi Mama Asha akanimiminia chai, akasema neno moja tu: "Uzi."

Nikatoka na baiskeli. Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Mimi ni karani wa ghala, mtu mwenye muhuri wake. Nikitumwa kitu nakileta na risiti.

Duka la kwanza lina uzi mweusi tu. Nikamwambia yule binti chandarua changu ni cheupe. Akaniuliza, "Bado?" Kijana wa dawa za mbu za kuchoma akanifuata mpaka kona akiusifia moshi wake, nikamjibu kwamba mbu wangu huo moshi anaukohoa kidogo halafu anaendelea na kazi. Kufika barabara ya 12, tairi la nyuma likaisha upepo.

Sasa fundi baiskeli wa pale kibanda chake kimeegemea kwa mzee wa kahawa, na Tanga hii hakuna hatari kama hiyo. Unapeleka pancha, unakalishwa kwenye benchi. Nikatoa salamu, nikamshikia mguu Mzee wa Reli, ambaye kazi alistaafu siku nyingi ila koti la kazi amekataa kulistaafisha. Fundi akageuza baiskeli miguu juu, akafungua gurudumu. Na hapo ndipo dereva mmoja wa bodaboda akainua uso kutoka kwenye simu.

"Jamani, hapo Kwale tu, Kenya, ukivuka mpaka, watu wamemezeshwa kidonge. Mbu akikuuma, anakufa yeye."

"Anakufa kabla hajauma au akishauma?" akauliza Mzee wa Reli.

"Akishauma."

"Sasa mimi nimepata nini? Mwizi kaniibia, kaenda kufia kwao."

Nikaona hapa panataka mtu aliyesoma. Nikanywa kikombe kimoja cha kahawa chungu, nikajikohoza. Nikawaambia dawa yenyewe inaitwa ivermektini na wala si ngeni. Ilianzia kwenye udongo uliochotwa Japani, karibu na uwanja wa gofu, na wataalamu wawili, Satoshi Ōmura na William Campbell, wakapewa Nobel kwa ajili yake mwaka 2015. Ndiyo ya usubi, ule ugonjwa wa kupofusha macho. Ndiyo ile ile waliyokuwa wakitumezesha sisi kwa ajili ya matende na mabusha.

"Ile ya fimbo!" akasema Mzee wa Reli. "Walinisimamisha kwenye fimbo wakanipima urefu, nikadhani nashonewa suruali. Kumbe idadi ya vidonge."

Muuza nyama akadakia kwamba hiyo dawa wanachomwa ng'ombe, ya kupe na minyoo. Fundi akasema basi ng'ombe wa Tanga wametutangulia kisayansi. Mzee wa Reli hakukubali Tanga isemwe vibaya. Alisimama kabisa. Akatukumbusha kuwa mbung'o madume walifugwa papa hapa, wakapigwa mionzi wasiweze kuzalisha, wakapakiwa kwenye ndege na kumwagwa Unguja miaka ya tisini, majike wakapandwa na madume wasio na kitu, na kufika 1997 Unguja mbung'o kwisha. "Sisi ndio tuliopeleka waume wa bure Unguja," akasema, akakaa. Muuza nyama akataka kujua kama mpango huo bado unaendelea, maana ana shemeji yake kule.

Nikawarudisha kwenye mada. Nikaeleza taratibu, kama ninavyowaeleza vibarua ghalani. Mbu akinyonya vimelea vya malaria kwa mgonjwa leo, hawezi kukuambukiza kesho. Vinahitaji siku kumi hivi au zaidi vikomae mwilini mwake. Kidonge kinampooza na kumuua kabla hajafikisha siku zake, kwa hiyo mtu wa pili anasalimika.

"Mtu wa pili ndiye nani?" akauliza fundi.

"Jirani."

Kimya. Hata mzee wa kahawa aliacha kugonga vikombe.

"Yaani nimeze mimi," fundi akasema polepole, "tumbo liniume mimi, apone jirani?"

"Na jirani akimeza, unapona wewe."

"Jirani yangu? Yule zamu ya kufagia uwanja tu hafagii, ndiye atakumbuka kumeza kidonge kila mwezi kwa ajili yangu?"

Hapo, kusema kweli, nilikosa jibu, kwa sababu na mimi nilikuwa namfikiria wa kwangu. Ana pampu yangu tangu Ramadhani. Mama wa maandazi, aliyekuwa akipita tu na beseni lake, akauliza kama wajawazito na watoto wadogo nao wanapewa. Nikamwambia hapana. Akasema basi mbu wenye akili watahamia kwa hao, akajitwika beseni akaenda zake, akatuachia mzigo.

Kijana wa bodaboda akasema tusihangaike, majibu yapo, yalitoka Julai 2025. Zaidi ya watu 20,000 Kwale, dozi mara moja kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo mvua zinapoanza. Wengine ivermektini, wengine dawa ya minyoo ya kawaida, halafu wakawafuatilia watoto wa miaka 5 mpaka 15. Upande wa ivermektini maambukizi mapya ya malaria yakapungua kwa asilimia 26.

Ningekuwa na akili ningedai gurudumu langu hapo hapo.

"Asilimia 26 ndiyo ngapi?" akauliza muuza nyama.

Nikasema ni kama robo. Watoto wanne wangeugua, mmoja kanusurika. Muuza nyama akauliza ni mtoto wa nani huyo mmoja, na nani anapanga. Nikasema hapangi mtu, ni hesabu. Akasema hesabu za namna hiyo anazijua, hata kwenye mgawo wa mbolea ilikuwa hesabu, na aliyepata ni mtoto wa mwenyekiti.

"Mnaongea hewani," akasema fundi. "Twende kwa vitu." Akalipakata gurudumu langu. "Hili la nyuma lina spoku 40. Kila spoku ni mtoto anayeugua malaria. Asilimia 26 ya 40?"

Kijana wa bodaboda akabonyeza simu. "Kumi na nukta nne."

Nikasema fundi, tumeelewa. Hakunisikia. Alikwishashika spana ya spoku, anafungua ya kwanza, anaihesabu kwa sauti, anailaza juu ya gunia. Ya pili. Ya tatu. Watu wakaanza kusogea. Kwenye ya tano ukazuka mgogoro: zitolewe kwa mpigo upande mmoja, au zirukwe? Mzee wa Reli akasema malaria haichagui, zitolewe popote. Muuza nyama akasema malaria inachagua sana, inapenda walioko karibu na mtaro, zitolewe pamoja. Wakapiga kura. Kwenye kura kulikuwa na mtu aliyekuja kuuliza njia ya stendi.

Walishinda wa mpigo. Spoku kumi upande mmoja. Fundi akalizungusha gurudumu hewani na ringi ikaanza kukata mauno, huku inagusa, huku haigusi. "Mnaona?" akasema kwa furaha. "Hiyo ndiyo asilimia 26. Inaonekana kwa macho!" Na kwa kweli ilionekana. Hata mimi nilifahamu kwa mara ya kwanza. Nikapiga makofi, mjinga mimi.

"Bado nukta nne," akasema kijana wa bodaboda.

Fundi akainama chini ya kibanda, akaibuka na msumeno wa chuma.

Hapo muhuri niliusahau. Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga hata siku lilipopotea gunia la ghala. Nikawauliza kama wanamjua mtoto wa spoku ni nani. Ni Asha. Masika iliyopita ameugua mara mbili, mara ya pili nilimpakia kwenye baiskeli hii hii saa saba usiku, nimemfunga mgongoni kwa khanga ya mama yake, anatetemeka mpaka usukani unatetemeka, nafika dirishani naambiwa dawa mseto ipo, sindano ya homa nikanunue nje. Na mtaro ulioko nyuma ya kibanda hiki una maji tangu sijui lini, viluwiluwi wanaogelea mchana kweupe, watu wazima sita tumeupa mgongo, tunakata nukta!

Wakanyamaza. Mzee wa Reli akageuka kuutazama mtaro. Muuza nyama naye akageuka. Nadhani tungefika mahali.

Lakini kijana wa bodaboda alikuwa bado anasoma. "Eh! Kule Mopeia, Msumbiji, walikotoa kidonge hicho hicho, watu wanasema hata kunguni walipungua."

Kunguni! Jamani, ungewaona. Mzee wa Reli, aliyekuwa haoni faida ya mbu kufia kwao, akauliza kidonge kinapatikana wapi na kama kuna foleni. Muuza nyama akasema yeye atameza cha kwake na cha jirani. Fundi akaangusha msumeno. Kitanda chake, akasema, amekimwagia maji ya moto, mafuta ya taa, amekianika juani mpaka mbao zimepasuka, na ndani ya mipasuko ndimo walimohamia. Nikajaribu kusema haya ni majaribio, dawa hazimezwi kwa kusikia, hazigawiwi kwenye benchi la kahawa. Nani anamsikiliza karani?

Ikaadhiniwa adhuhuri. Wakatawanyika. Fundi alinirudishia spoku haraka haraka, akazikaza kwa makadirio, tisa. Ya kumi haikuonekana. Tumeitafuta chini ya gunia, chini ya benchi, mpaka nikamwona mzee wa kahawa anachochea makaa nayo, ncha imekuwa nyekundu. Akaifuta kwenye msuli, akanipa. Sikuweza kuishika.

Nimerudi nyumbani nikiikokota baiskeli, gurudumu linaimba kila mzunguko. Jirani alikuwa barazani. "Karani, pole, naona tairi. Ile pampu yako nayo siku hizi haina nguvu."

Mama Asha akanyoosha mkono kupokea uzi. Nikamwekea kashata niliyorudishiwa badala ya chenji. Akaitazama, akaing'ata, akasema sukari imeungua. Ni kweli imeungua. Yule mzee wa kahawa zamani kashata zake zilikuwa kashata, karanga zimesimama wima kama watu kwenye daladala. Hii ya leo tumeivunja mezani tukahesabu na Asha. Karanga tatu na nusu.