Hela ya Mzunguko Haijengi Nyumba

Mashine yangu ya kuchapa ilisimama Jumatatu asubuhi, katikati ya kazi ya vitabu vya stakabadhi. Fundi alifungua ubavu wake, akachomoa roli lililopasuka, akaligeuza mkononi mara mbili, kisha akanitazama bila kusema kitu. Kipuri kilikuwa kinapatikana na bei yake haikuwa ya kutisha. Kwa karakana iliyokuwa ikipokea kazi kila siku, hiyo ilikuwa hela ya kutoa kwenye droo na kuendelea. Ila droo ilikuwa tupu, na akaunti nayo ilikuwa tupu. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimenunua mabati ya kupaua nyumba ya kupangisha, nyumba yangu ya kwanza.

Jioni ile nilikwenda kwenye ujenzi nikasimama mbele ya mabati hayo. Yalikuwa yameegemezwa ukutani, mapya, karatasi za kiwandani bado zimebandikwa. Aliyeniuzia alikubali kuyapokea kwa nusu ya bei niliyolipa. Nilikataa. Mashine ikalala siku 11. Wateja wawili wakubwa walipeleka kazi zao kwingine. Mmoja alirudi, mwingine hakurudi tena, na huyo ndiye aliyekuwa akiniletea kazi nene zaidi.

Nimekuwa na biashara na majengo kwa pamoja tangu wakati huo, na sijaacha kuamini kwamba mwenye biashara anafaa kumiliki nyumba. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni kujenga kwa hela ya mzunguko, ile inayoiendesha biashara kila siku. Jengo lijengwe kwa faida iliyokwisha kuvunwa na kutengwa, hela ambayo biashara ikiugua kesho haitaidai. Wapo watakaonikumbusha kuwa mshika mawili moja humponyoka. Mimi nasema mawili yanashikika, ila kila moja lishikwe kwa mkono wake.

Hela hizi mbili hazifanani mwendo, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Chukua mtaji wa 100, kwa fedha yoyote unayoitumia. Ukiwa ndani ya biashara inayozunguka kila mwezi na kila mzunguko ukaacha faida halisi ya 3, mwaka unaisha na 36 mkononi. Mtaji uleule ukiwa ndani ya nyumba inayoleta kodi ya 8 kwa mwaka, unaisha na 8, tena kabla ya kupaka rangi, kuziba bomba na kulipa kinachodaiwa na serikali. (Lugha yetu imetupa neno moja kwa mambo mawili: kodi inayoingia kutoka kwa mpangaji na kodi inayotoka kwenda serikalini. Anayehesabu ya kwanza akaisahau ya pili hujikuta amekula hela isiyo yake.) Kwa hiyo kila 100 unayoitoa kwenye mzunguko na kuitia ukutani imekugharimu 28 ya mwaka huo, na itakugharimu hivyo mwaka ujao pia, mpaka utakapourudisha mtaji mahali pake. Hasara hiyo haina risiti, ndiyo maana haiumi siku ya kwanza.

Mtu atauliza: kama biashara inalipa hivyo, ya nini kujenga? Kwa sababu biashara hushiba. Karakana yangu ina wateja wa kiasi fulani. Nikinunua mashine ya tatu leo, itakaa bila kazi. Hela ikianza kulala benki miezi mitatu au minne, na huoni cha kununua ambacho kitauzika, hiyo ndiyo hela iliyoiva kwa ajili ya jengo. Halafu biashara yangu inanitegemea mimi. Nikilala kitandani mwezi mzima, nayo inalala. Mpangaji hulipa hata nikiwa mgonjwa.

Hili la mwisho sikulisoma mahali. Miaka michache baada ya kisa cha mabati, kazi zilipungua ghafla, na kwa miezi minne mfululizo kodi ya vyumba vitatu ndiyo iliyolipa mishahara ya vijana wawili wa karakana. Sikumwachisha kazi hata mmoja. Kazi ziliporudi walikuwepo, wanaijua mashine, wanawajua wateja. Nikiwaona leo wakifunga vitabu kwa gundi, mikono yao inakwenda bila wao kuitazama, nashukuru kwamba ile nyumba ilikamilika.

Sasa mkopo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona watu wenye akili nzuri wakiumia.

Nyumba haina tabia moja kila mahali. Mkopo ndio unaoipa tabia. Nyumba yetu ya 100 inaleta 8 kwa mwaka. Ukiinunua kwa mkopo wa riba ya asilimia 5 unaolipwa kila mwezi kwa miaka 25, marejesho ya mwaka ni 7 na kitu kidogo. Nyumba inakaribia kujilipa yenyewe. Nyumba hiyohiyo, kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 wa miaka 10, inadai zaidi ya 19 kwa mwaka. Kodi inaleta 8. Pengo la 11 litazibwa na nani? Na biashara, kila mwezi kwa miaka 10, msimu wa kazi na msimu wa ukame. Ushauri mwingi wa kununua majengo kwa mkopo unatoka kwenye nchi za riba ndogo na muda mrefu. Wanayosema ni kweli kwao. Anayeuchukua kama ulivyo na kuupeleka kwenye riba kubwa na muda mfupi anaibebesha biashara yake mzigo ambao haikuumbwa kuubeba.

Na ile 8 yenyewe ni ya kwenye karatasi. Mwezi mmoja bila mpangaji unakula asilimia 8.3 ya kodi ya mwaka. Mpangaji akihama akiacha kuta zimechakaa, unapoteza mwezi wa pili kwa mafundi. Mimi sehemu ya kumi ya kila kodi naiweka kando kwa matengenezo kabla sijaigusa iliyobaki, na bado kuna mwaka paa lilivuja nikaona haitoshi.

Mabenki yana mchango wao katika hili. Ukienda na daftari la mauzo ya miaka mitano wanakusikiliza kwa adabu. Ukienda na hati ya nyumba wanakuletea kiti. Nawaelewa: jengo halihami usiku, bidhaa zinahama. Kwa hiyo nyumba inakuwa ufunguo wa kukopea mtaji wa biashara, na ufunguo huo unaweza kufungua mlango mzuri kabisa. Hofu yangu ni pale dhamana moja inaposimama nyuma ya mikopo miwili, wa biashara na wa nyumba. Ukiteleza kwenye mmoja, benki inaweza kukudai yote miwili kwa pamoja.

Wengi hudhani kuisajili biashara kuwa kampuni kutawakinga. Msingi wa kinga hiyo ni wa zamani: mwaka 1896 mahakama ya juu ya Uingereza, House of Lords, iliamua katika kesi ya Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu vya ngozi, kwamba mbele ya sheria kampuni ni mtu anayejitegemea na mwenye kampuni ni mtu mwingine, na madeni ya mmoja si ya mwingine. Kanuni hiyo imeenea katika sheria za nchi nyingi. Lakini mkopeshaji wa biashara ndogo anaifahamu pia, ndiyo maana mwisho wa mkataba huweka karatasi ya dhamana binafsi, ahadi kwamba kampuni ikishindwa kulipa utalipa wewe. Ukiisaini hiyo, umeutoboa ukuta uliojengwa na kesi ya Salomon, kwa kalamu yako mwenyewe. Soma karatasi hiyo mara mbili. Na nyumba unayolala na wanao, tafadhali, iache nje ya mambo haya. Nimewahi kukaa na jamaa yangu mchana ambao madalali walikuwa wakipima sebule yake kwa futi ya chuma huku watoto wakiwa mezani wanafanya kazi za shule. Tangu siku hiyo silijadili jambo hili na benki yoyote.

Kuna namna ya tatu ya kuunganisha vitu hivi, na ndiyo ninayoipenda zaidi: biashara kukaa ndani ya jengo la mwenye biashara. McDonald's, mikahawa ya Marekani ya chakula cha haraka, ndio mfano mkubwa kuliko yote. Katika makubaliano ya awali, waliopewa leseni ya kutumia jina walilipa asilimia 1.9 ya mauzo, na nusu asilimia katika hiyo ilikwenda kwa ndugu wawili wa McDonald. Kilichobaki kilikuwa kidogo mno kuendesha kampuni. Mwaka 1956 Harry Sonneborn, aliyekuwa mtu wa fedha wa Ray Kroc, mwenye kuitandaza mikahawa hiyo kwa leseni, alianzisha kampuni ya majengo ndani ya kampuni: ilikodi au kununua viwanja, kisha ikawapangisha walewale wenye leseni kwa bei ya juu zaidi. Hadi leo kodi ya pango inawaingizia fedha nyingi kuliko ada ya jina. Jengo liliishikilia biashara, na biashara ikalijaza jengo wateja.

Mfano wa pili unakwenda upande wa pili. Mwaka 2014 mikahawa ya Red Lobster ya Marekani iliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji, na papo hapo majengo ya mikahawa takriban 500 yakauzwa kwa wengine kwa dola bilioni 1.5. Mikahawa iliyokuwa ikikaa kwenye majengo yake ikawa mpangaji humohumo. Mei 2024 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Sababu zilikuwa kadhaa. Mojawapo waliyoitaja wenyewe mahakamani ni kodi za pango zilizokuwa juu ya bei ya soko. Aliyeuza jengo alipata fedha siku moja, na aliyebaki jikoni akalipa kwa miaka 10.

Kwa mdogo kama mimi, somo la visa hivyo viwili ni daftari. Wazee wamesema mali bila daftari huisha bila habari. Karakana ilipohamia kwenye jengo langu, mwaka wa kwanza sikujilipa kodi. Niliona ni kuhamisha hela kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Vitabu vikaonyesha faida nzuri, nikafurahi, nikampandisha mshahara kila mtu. Kisha siku moja nikakaa nikaandika kodi ambayo jirani wa ukuta wa pili alikuwa akimlipa mwenye jengo lake, nikaitoa kwenye faida yangu. Haikubaki kitu. Karakana ilikuwa haitengenezi hata senti; nyumba ndiyo iliyokuwa ikiilisha, na mimi nilikuwa nikiipongeza.

Tangu hapo kuna akaunti mbili. Tarehe 1 ya kila mwezi akaunti ya karakana hupeleka kodi kwenye akaunti ya jengo, kwa bei ya soko, na karakana ikichelewa naandika kwa wino mwekundu kama ambavyo ningemwandikia mpangaji mwingine yeyote. Karakana nayo ina akiba yake ya miezi mitatu ya mishahara na karatasi, ambayo jengo haliruhusiwi kuigusa hata tofali likipanda bei. Nilipandisha bei za kazi ndogo, nikaacha mbili zilizokuwa zikinila muda, na mwaka uliofuata faida ilionekana baada ya kodi kutoka. Faida hiyo ndiyo naiita faida. Ile ya kwanza sijui niiite nini.

Utaratibu huu umenibana wiki hii. Mtu anayeuza vifaa vya maabara amekuja kuomba sehemu ya mbele ya jengo, ile yenye madirisha makubwa inayotazama barabara, ambayo karakana imeikalia tangu tuhamie. Anatoa theluthi moja zaidi ya kodi ninayojilipa, na yuko tayari kusaini miaka mitatu. Moyo wangu unataka kubaki pale. Bango letu liko pale, na asubuhi jua linaangukia moja kwa moja kwenye meza ya kukatia karatasi.

Jana usiku nilifungua madaftari yote mawili. Katika kazi 40 za mwisho tulizozipokea, 33 zilikuja kwa simu. Waliopita barabarani wakaingia walikuwa saba, na kazi zao zilikuwa ndogo. Leo asubuhi nimewaambia vijana waanze kupima korido ya nyuma, waone kama mashine kubwa inapita bila kufunguliwa miguu.