Kuchora uchungu si kuvunja stara

Pita Barabara ya India hapa Bagamoyo, utazame picha zilizoegeshwa kwenye kuta za maduka. Majahazi, twiga, wanawake waliobeba mitungi. Kijana akithubutu kuchora mtu aliyejikunyata sakafuni, mikono kichwani, huambiwa mawili: picha hiyo hainunuliki, na mambo ya ndani hayaanikwi.

La kwanza silibezi. Mgeni wa siku moja kutoka Dar anataka kitu cha kupendezesha sebule, na kodi ya pango haingoji. Wapo pia wanaojizuia kuchora viumbe vyenye roho kwa sababu ya dini. Hao sina la kubishana nao.

La pili ndilo linaloniuma, maana limetoka kwenye jambo jema. Watu wa pwani tumelelewa kusitiri. Mzazi anaogopa kwamba mwanawe akimwaga yaliyo moyoni kwenye kitambaa, majirani wataisoma nyumba yake kama barua iliyofunguliwa.

Lakini mtazame mchoraji Edvard Munch wa Norwei. Dada yake Sophie alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1877, akiwa na miaka 15. Munch alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alimchora msichana mgonjwa kitandani, akaiparura rangi, akaipaka upya, akaiparura tena. Ilipoonyeshwa mwaka 1886 ilikejeliwa. Hakuiacha. Aliirudia hadi picha za rangi zikafika sita, katika muda wa miaka 40 hivi. Sita! Hesabu hiyo haijaniachia usingizi. Mtu anayetaka kutangaza msiba hutangaza mara moja, watu wakaja, wakazika, wakatawanyika. Huyu alikuwa mzee sasa, na bado anarudi kwenye kitanda kile kile. Hakuwa anawaambia watu habari ya kwao. Alikuwa anatafuta pa kuuweka mzigo ambao maneno hayaubebi.

Na pembeni ya kitanda ameketi mwanamke, kichwa amekiinamisha mno hata uso karibu wote umefichika. Uchungu wa chumba kizima umo katika kichwa kile kilichoinama. Mchoraji ametuonyesha huzuni, uso akausitiri.

Hilo ni geni kwetu? Mwanamke mwenye lake moyoni hununua kanga, akachagua jina, akajifunga na kupita mtaani. Anayehusika ataelewa, wengine wataona kanga tu. Wamakonde nao, kwenye vinyago vya mashetani, wamepinda viungo na kunyofoa nyuso bila kumtaja mtu. Mwili uliochorwa ukiwa umepindika ni fumbo vile vile. Hauna jina, na kwa kukosa jina unaweza kuwa wa yeyote anayeutazama.

Nakubali, mchoraji akichora aibu ya jirani, na sura ya jirani ikatambulika, hapo wazee wana haki kabisa ya kukemea. Ila kosa hilo ni la kumfichua mtu. Uchungu wenyewe haukumkosea yeyote.

Mji huu umekuwa na chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwigizaji hulia jukwaani pale, machozi yakamtoka, tukampigia makofi. Hakuna anayemfuata nyuma ya pazia kumuuliza kwao kumetokea nini. Mchoraji peke yake ndiye tunayemuuliza.