Mwacheni Kadhi Amalize Faili

Jaji wa mirathi wa kaunti ninayoishi huku Georgia, Marekani, anastaafu. Amekaa na kazi ile zaidi ya miaka 20, kila baada ya miaka 4 watu wakimpigia kura arudi. Watu wamezikwa, na wazazi wao kabla yao, yeye akiwepo kazini, na mafaili yao yote yamepita kwake. Niliposikia nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikashikwa na uchungu.

Faili la marehemu baba yangu huko Mombasa halijui bwana mmoja. Kila tukikaribia hukumu, kadhi anayesikiza kesi anapata uhamisho. Anayekuja anataka kuelezwa upya: warithi ni nani, barua ya chifu iko wapi, mashahidi waitwe tena. Na nyumba yenyewe iko Majengo, nyumba bila ardhi: jengo ni letu, kiwanja ni cha mtu mwingine. Nyinyi mnajua hiyo peke yake ni kesi ndani ya kesi.

Najua wapo watakaosema Marekani imenilevya. Hebu nisikizeni. Sisemi hawa wana elimu kutushinda. Katika kaunti ndogo za hapa Georgia, jaji wa mirathi halazimiki hata kuwa wakili. Kadhi wetu ukimtajia warithi tu, mafungu anayo kichwani: mke mwenye watoto thumuni, yaani moja ya nane, mwana wa kiume sehemu mbili kwa moja ya dada yake. Na kukaa muda mrefu si jambo geni kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu tangu 1937 mpaka alipofariki 1947. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikishika cheo hicho 1968, akakaa nacho zaidi ya miaka 10. Hao najivunia mbele ya Mmarekani yeyote.

Utaniambia, kadhi akizoea mji atakula na matajiri wake. Hofu hiyo naielewa, rushwa si hadithi. Lakini tazama ni nani anayefurahi uhamisho ukija. Ni yule ndugu anayekusanya kodi ya vyumba peke yake huku wenzake wakingoja tarehe nyingine. Yeye hahitaji kumhonga mtu. Kungoja kwetu kunamlisha.

Basi tupige kura ya kadhi? La hasha! Kampeni za kwetu nazijua, sitaki sheria ya mirathi iingizwe humo. Tume ya Huduma za Mahakama iendelee kuwaajiri makadhi, na asiyefaa aondolewe. Ninaloomba ni dogo: aliyeanza kusikiza mashahidi asipelekwe mji mwingine kabla hajatoa hukumu. Hilo halihitaji pesa za wafadhili wala safari ya kwenda kujifunza Marekani.

Mamangu ana thumuni yake katika nyumba ile, na ni mtu mzima sasa. Apewe akiwa hai.