Namba Saba Ameamka

Saa tano usiku kipima unyevu namba saba, kule kwenye matuta ya nyanya ya Mzee, kikaanza kuripoti unyevu wa asilimia 100. Kwa kiangazi kile, labda kama kuna mtu kakimwagia pipa zima. Kimeganda tu, na dawa ya kuganda ni kukiamuru kwa redio kijiriseti chenyewe, yaani kianze upya, bila mtu kuvaa gambuti. Nikatuma amri.

Ikafanya kazi. Balaa ndilo hilo.

Programu iliyokuwemo, kazi ya fundi aliyenitangulia, ilikuwa ikipokea amri inajiriseti hapo hapo, eti ikishaamka ndiyo itume "nimepokea". Lakini programu ikianza upya huandika upya vigezo vyake vyote kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, kwa hiyo haikumbuki kama iliwahi kuamriwa lolote. Kituo kinachorusha amri nacho kisipojibiwa hurudia amri kila sekunde 10. Namba saba kikawa kinaamka, kinasahau, kinaamriwa tena. Na kila kikiamka, kituo kinamtumia Mzee SMS: NAMBA 7 AMEAMKA.

Simu yangu ikaita.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Huyu saba mbona anaamka-amka? Tumbo linamsumbua?"

Kumbe alishamjibu mwenyewe kwa SMS: LALA. Kituo hakina neno hilo, kikamrudishia: AMRI HAIELEWEKI. Mzee ana wajukuu tele na hakuna aliyewahi kumjibu hivyo.

"Huyu mtoto umemlea wewe?"

Nikaifuta ile amri kwenye foleni ya kituo, usiku ukatulia. Asubuhi nikaipanga programu upya: kwanza tuma "nimepokea", subiri redio imalize kurusha, ndipo uwashe wochidogi, saa ya ulinzi inayoiriseti chipu programu isipoigusa kwa wakati, kwa wdt_enable(WDTO_15MS) na kuingia kwenye mzunguko usio na mwisho mpaka ikukate. Kila amri ipewe namba, na namba ya mwisho ihifadhiwe kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Ikija amri ileile mara ya pili, jibu tu, usiitekeleze. Wapo wanaorukia anwani 0, mwanzo wa programu, wakidhani ni riseti. Siyo. Rejista, yaani visanduku vya mipangilio, za taima na za pini zinabaki zilivyokuwa, unaanza siku na uchafu wa jana.

Namba saba akapona. Nikamjaribu namba nne, ambaye bodi yake ni Arduino Pro Mini ya zamani. Akajibu "nimepokea" kwa adabu zote, kisha kimya. Mzee akapiga simu akiwa shambani, kifuniko mkononi: "Huyu amelala, lakini jicho linamcheza."

Hiyo ni butiloda ya zamani, ile programu ndogo inayoamka kabla ya yako. Wochidogi ikishairiseti chipu, alama ya WDRF, inayosema wochidogi ndiyo iliyoriseti, hubaki kwenye rejista ya MCUSR, na ikiwepo hiyo wochidogi haizimiki; inarudi na muda wake mfupi kabisa, kama milisekunde 16. Butiloda hiyo haiigusi, inakaa kungoja programu mpya, inakatwa, inaanza tena, taa inapepesa. Programu yako haifikiwi kamwe, hata uwe umeandika MCUSR = 0 na wdt_disable() mwanzoni kabisa. Kitufe cha riseti hakisaidii kwa sababu hakifuti WDRF. Nikamwambia Mzee achomoe betri na asubiri, maana kapasita kubwa huendelea kuilisha chipu. Akasubiri, akarudisha, namba nne akaamka. Tiba ya kudumu ni kuchoma Optiboot, butiloda isiyo na kasoro hiyo, kwa ile plagi ya ISP ya waya sita inayoandika moja kwa moja kwenye chipu.

Na redio ya RFM95 usiisahau: umeme wake haukatiki chipu inapojiriseti, hivyo inabaki kwenye hali iliyokutwa nayo. Ishushe pini yake ya RST (ya riseti) milisekunde 10, ipandishe, ngoja nyingine 10, ndipo uanze kuipanga.

Mwisho wa mwezi Mzee alinilipa pungufu. Kwenye karatasi ya hesabu, chini ya mbolea na dawa ya ukungu, kaandika: "Bando la SMS, limeliwa na Saba."