"Alichimbwa Tenda...?" "Guruuu!"

Kipindi cha historia, shule moja ya msingi mkoani Lindi. "Mjusi mkubwa alichimbwa Tenda...?" Darasa zima: "Guruuu!" "Akapelekwa Berli...?" "Niii!" Tumeelewana? Ndiyooo. Tuliosoma shule hizi tunaujua wimbo huo. Nao ndio unaobishaniwa: mwalimu aulize maswali ya kukumbuka tu, au ya kufikirisha?

Wanaotaka maswali ya kufikirisha wana hoja. Wajerumani walichimba Tendaguru, kilima cha huko huko Lindi, kati ya 1909 na 1913, mifupa ya mjusi huyo (dinosaria) ikabebwa vichwani hadi bandari ya Lindi, na leo mnyama huyo amesimamishwa kwenye makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Basi muulize mtoto: waliobeba ni akina nani, na miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji, wangethubutu kukataa? Arudishwe? Kama ndiyo, akae wapi, atunzwe na nani? Hapo hakuna silabi ya kumalizia.

Lakini walimu nao wasikilizwe. Ukiwa na watoto 80, nusu dakika kwa kila mmoja imekula kipindi chote cha dakika 40, na mada bado. Mtihani wa darasa la saba wenyewe sehemu kubwa ni kuchagua herufi. Tena asiyejua Tendaguru iko wapi atajadili nini? Atabuni tu. Swali la kukumbuka lina kazi yake; siungani na wanaolidharau.

Kinachonikera ni haraka. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde moja tu. Walimu wakivumilia sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanaojitokeza kujibu huongezeka. Sekunde mbili hizo za ziada hazidai bajeti wala semina (ile yenye posho). Na hata watoto 80 wanaweza kunong'onezana wawiliwawili kabla mmoja hajasimama.

Sekondari ni kasheshe nyingine. Kijana wa kidato cha kwanza anayebishana vizuri nyumbani kuhusu bei ya korosho mnadani anaulizwa "kwa nini" kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia huko, anainamisha kichwa. Anaonekana mzito. Huyo hata umsubiri sekunde 30, hoja anayo, maneno ndiyo hana. Mimi ningewaacha wabishane kwa Kiswahili kwanza, kisha waandike kwa Kiingereza, mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akipita mlangoni anune atakavyo.